Tunasafisha Picha

Ubao ulio juu ya mlango wa studio yangu pale Ngokolo, Shinyanga, umeandikwa kwa rangi nyekundu: TUNASAFISHA PICHA. Niliuandika kwa mkono wangu enzi za filamu, wakati kusafisha picha kulikuwa na maana moja tu. Unaniletea filamu yako, naipeleka maabara Mwanza, inarudi ikiwa picha unayoweza kuishika na kuibandika ukutani. Basi. Hakuna aliyedhani kwamba ningemwosha mtu uso.

Siku hizi wenye maana hiyo wamebaki wachache. Kutoa picha kwenye karatasi wanaita kuprinti, na mtu akiingia akasema "nisafishe" anataka jambo jingine kabisa. Anataka nimtoe chunusi. Anataka nimtoe weusi aliozaliwa nao, nimpunguze tumbo alilolilea mwenyewe kwa juhudi, kisha aipeleke picha hiyo kwa watu wanaomwona kila siku sokoni. Nimewahi kumng'arisha bwana mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe mpaka mkewe, alipokuja kuchukua picha, akaniambia nimempa ya mtu mwingine. Nawadharau watu hawa, na sioni haja ya kuficha, ingawa ndio wanaonilisha.

Wanaonichosha zaidi ni ndugu wa marehemu. Mtu ameishi miaka sitini, hajavaa suti hata siku ya ndoa yake. Akishazikwa, ndugu wanakuja na picha yake akiwa na fulana iliyochanika kwapani, wanasema, "Mkate hapa shingoni, umweke kwenye suti." Suti ninayo, moja, ya bluu, pamoja na tai yake yenye mistari. Imevaliwa na wakulima wa pamba, na walinzi, na waendesha baiskeli, na mchungaji mmoja aliyeacha kabatini kwake suti nzuri kuliko hiyo. Kama huko waliko wanakutana, wale waliopitia kwangu lazima wanadhaniwa ni kwaya.

Kazi hiyo ya kukata watu niliifanya miaka yote kwa programu moja ya zamani kwenye kompyuta ya zamani. Njia yangu ilikuwa fupi. Unachukua kifutio, unafuta kila usichokitaka, unahifadhi juu ya ileile. Kompyuta huuliza kama una hakika unataka kuibadilisha ile ya mwanzo. Swali lile sijawahi kulisoma mpaka mwisho. Ndiyo. Fundi gani anasimama kila dakika kuulizwa kama ana hakika?

Kisha kompyuta ikaanza kuzima yenyewe katikati ya kazi. Dada yangu aliyeolewa Geita akanihurumia, akanitumia nyingine, na ndani yake kukawa na programu ya picha ambayo sijawahi kuiona. Ile ya zamani niliisogeza kwenye kona, sikuitupa. Nilishukuru kama inavyopasa, nikakaa mbele ya mashine mpya, na ndani ya saa moja nilikuwa nimeichukia.

Programu hii, ukitaka kumwondoa mtu kwenye picha, haifurahii ufute. Inataka uweke maski. Maski kwa Kiswahili ni barakoa, na barakoa naijua. Ni kile kitambaa tulichoambiwa tuvae miaka ile ya maradhi, tukakivaa kidevuni. Pale mlango wa benki nilimwona mzee akitoka, akaivua yake, akamkabidhi anayeingia ili naye aruhusiwe. Hiyo ndiyo barakoa ninayoifahamu. Sasa naambiwa picha nayo ivae. Nilicheka peke yangu studioni mpaka mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akaniangalia kwa wasiwasi.

Nikatafuta mwalimu kwenye simu. Nikampata kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyevaa kofia ndani ya nyumba, anayeanza kila somo kwa kutuomba tumpende. Dakika nne za kujisifu, moja ya kufundisha. Katika hiyo moja alisema, "Nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha. Rahisi sana, wapendwa."

Rahisi! Tangu lini nyeupe ikaonyesha? Mimi katika maisha yangu nyeupe ndiyo inayofunika. Chokaa ni nyeupe, ukiipaka ukutani inafunika moshi wote wa jikoni. Wino wa kufutia makosa ni mweupe. Sanda ni nyeupe. Nilimjibu kijana yule kwa sauti, kama vile angenisikia, kwamba kwao Dar es Salaam labda wanapaka nyumba masizi.

Nikajaribu hata hivyo, kwenye picha yangu mwenyewe. Nikachukua nyeupe, nikapaka ukuta ulio nyuma yangu ili uondoke. Haukuondoka. Nikapaka tena, nikakandamiza kipanya kana kwamba nguvu ndiyo iliyokosekana. Nikachukua nyeusi kwa hasira, na safari hii kitu kikatokea: doa jeusi likashuka kutoka utosini hadi puani. Sikujua kwamba kuna viboksi viwili vimekaa pamoja pale pembeni, kimoja cha picha na kimoja cha barakoa, na kwamba ukibofya hiki badala ya kile unapaka picha yenyewe.

Jirani yangu mwenye duka la steshenari aliingia akiwa na sahani yake ya mchana. Ni mwanamke wa Kiislamu, wazazi wake walihamia Shinyanga na biashara zao kutoka Pangani, na ulimi wake haujawahi kulala. Aliutazama uso wangu kwenye kioo cha kompyuta.

"Jirani, mbona unajipaka masizi? Kuna tambiko?"

Nikamweleza kwamba programu ni mbovu. Hakunibishia. Yeye hutengeneza kadi za harusi kwa programu ya namna hiyohiyo, na nilikuwa nimejifanya siku zote sijui hilo. Aliweka sahani mezani. Ilikuwa imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichochongoka juu, alichorithi kwa mama yake.

"Humu kuna chakula, hakuna?"

"Kipo. Nasikia harufu ya samaki."

"Unakiona?"

"Sikioni."

"Basi hiyo ndiyo maski. Nimekifunika, sijakila. Ukipaka nyeusi, umefunika kawa. Ukipaka nyeupe, umefunua. Ukikosea, unafunua tena. Hicho kifutio chako wewe kinakula."

Nilielewa pale pale, na sikumwonyesha kwamba nimeelewa. Nilimwambia kwamba sisi Wasukuma tunafunika kwa ungo, na kwamba anayejua kazi yake hana haja ya kufunua. Akachukua sahani yake.

"Haya. Samaki mkunje angali mbichi," alisema, akaenda zake kula.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nimekuwa mjuaji kuliko kijana wa kofia. Nilivisha barakoa kila kilichoingia mlangoni. Nilitenganisha nywele na anga unywele mmoja mmoja, jambo ambalo kifutio changu hakikuliweza hata siku moja. Niliwatoa mashemeji wasiotakiwa kwenye picha za harusi, na familia zilipopatana niliwarudisha. Lakini nyuso sikuzipeleka kwenye barakoa. Uso nilikuwa naufanya kwenye kompyuta ya zamani, kwa brashi yangu ya zamani, maana mkono wangu pale ulikuwa unajua njia, na kujifunza upya jambo unalolijua nililiona ni kazi ya wapumbavu. Jirani aliwahi kuniona nikifanya hivyo. Alisema tu, "Unakula tena," nami nikaendelea kupaka.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja kutoka Samuye, asubuhi, miguu yake ikiwa na vumbi la barabara.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo."

"Marahaba."

Alifungua pindo la khanga yake. Ndani kulikuwa na karatasi ya nailoni, na ndani ya nailoni kadi ya simu ya kutunzia picha, ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Alinieleza bila kulia. Kijana wake alikwenda Nyarugusu ya Geita kuchimba dhahabu, akafukiwa na duara. Duara ndilo jina wachimbaji wanalolipa shimo lao. Simu yake ilipotea hukohuko kambini, lakini hii kadi alikuwa ameichomoa, rafiki yake akaiokoa na kuileta nyumbani pamoja na mwili. Mama hakuwa na picha nyingine ya mtoto huyo, hata ya utotoni.

"Imo moja tu humu, wamenionyesha. Naomba unisafishie niitundike nyumbani, nisimsahau sura."

"Nitakusafishia, mayu, mpaka ushangae."

"Wabeja, baba," alinishukuru.

Nilipoifungua kadi, nilikuta nyimbo nyingi na picha za mawe. Wachimbaji hupiga picha mawe kama wengine wanavyopiga picha watoto wao. Jiwe mkononi, jiwe juani, jiwe lililolowa ili mshipa wa dhahabu uonekane. Na katikati ya mawe yale, yeye, mara moja. Amesimama mdomoni mwa duara, nyuma yake yapo matimba, yale magogo wanayozuilia kuta zisiporomoke. Ana tochi kichwani na tope la kijivu kutoka nywele hadi magoti. Anacheka. Mwenzake, naye tope tupu, amemwekea mkono begani.

Niliikasirikia picha ile. Niliikasirikia Nyarugusu na mashimo yake, nikawakasirikia wale wote wanaowasubiri vijana juu ya shimo wakiwa wasafi na mizani mikononi. Nikajiambia: amekufa mchafu, angalau atundikwe msafi. Sikujiuliza hata kidogo kama kuna aliyeniomba.

Nikaanza na uso, kwenye kompyuta ya zamani. Nilitoa tope shavuni, kidevuni, kwenye paji. Nilitoa tochi. Juu ya jicho la kushoto palikuwa na mstari mwembamba uliokatiza nyusi, nikadhani ni ufa wa tope lililokauka, nikaulainisha nao. Niliifanya kazi hiyo nikiwa napiga mluzi. Nikahifadhi humohumo kwenye kadi, juu ya ileile. Kompyuta ikauliza swali lake, nami nikaijibu jibu langu.

Kisha nikahamia kwenye mashine mpya nikaonyesha ufundi. Nilifunika matimba. Nilifunika duara. Nilimfunika yule mwenzake wote, pamoja na mkono wake begani, nikaweka pazia la bluu nyuma, na mwishoni nikamvisha marehemu suti. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamwita jirani aje aone, kwa sababu ndani ya moyo wangu nilitaka anisifu.

Aliangalia muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Mzuri," alisema. "Ni yeye?"

"Sasa atakuwa nani?"

Mama alirudi siku ya tatu. Nilimpa kiti, nikampa picha ikiwa imeshaingia kwenye fremu, nikasimama pembeni nikingoja shukrani. Aliishika kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, akaileta karibu. Aliigeuza akatazama nyuma, kama vile huko ndiko mwanawe alikokwenda.

"Baba, huyu ni nani?"

"Ni kijana wako, mayu. Nimemsafisha."

"Mimi nilisema unisafishie picha. Sikusema umsafishe mtoto." Akainua mkono akaonyesha mlangoni. "Si mmeandika pale nje? Nimeelekezwa hapa kwa maneno yale."

Neno lile lilikuwa langu, nililiandika kabla watu hawajaanza kulitumia kwa mambo yao ya chunusi, na mama huyu alikuwa amelileta kwangu likiwa zima kama nilivyoliacha. Miaka yote nimewacheka watu wanaoniomba niwafute walivyo. Huyu mmoja hakuomba, na ndiye niliyemfutia.

"Yule aliyemshika bega yuko wapi?" aliuliza. "Yule ndiye aliyemtoa chini, kwa mikono yake. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Na kovu liko wapi?"

"Kovu gani, mayu?"

Akagusa nyusi yake mwenyewe, ya kushoto. Mwanawe alipokuwa mdogo, alisema, ng'ombe dume aligeuza kichwa ghafla wakati anafunguliwa zizini, pembe ikampasua hapo. Damu nyingi, lakini jicho likapona. "Walipomleta kutoka Nyarugusu uso ulikuwa umevimba, haukuwa wake. Nilimjua kwa kovu. Waliomwosha walitoa tope lote, baba, lakini kovu waliliacha."

Nilimwomba aje akae mbele ya kompyuta. Nilivua suti. Niliondoa pazia. Kisha nikashika nyeupe, nikaanza kupaka juu ya barakoa, na matimba yakarudi, na mdomo wa duara, na tope la kifuani na mikononi. Mwishowe ukarudi mkono begani, na nyuma ya mkono, mtu mzima akicheka.

"Huyu hapa," mama alisema, na sauti yake ikashuka. Alimsalimu yule rafiki kwa Kisukuma, kwenye kioo, kana kwamba amefika nyumbani.

Lakini uso wa mwanawe haukurudi. Ulibaki vilevile, laini, umekaa juu ya mwili uliojaa tope, kama mkaguzi wa serikali aliyekuja mgodini kupiga picha na wananchi. Nilitafuta kadi yote, wimbo kwa wimbo, jiwe kwa jiwe. Nilifungua kila folda ya kompyuta zote mbili nikitumaini kuna mahali nilizembea nikasahau kuhifadhi. Sikuwa nimezembea. Yule rafiki, mama aliniambia, hakuwa na picha hiyo, ilipigwa kwa simu ya marehemu tu. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwa muda. Alikuwa na neno lake tayari, lile la kufunika na kula, na alikuwa na haki ya kulisema. Hakulisema. Alikwenda akaleta maji ya kunywa, akampa mama.

"Nitalichora," nilisema. "Unionyeshe lilivyokaa, nitalichora vizuri, hutajua kwamba limechorwa."

"Usinichoree," mama alisema. "Umeshafanya, yatosha. Nisafishie hivyo hivyo."

Nikaisafisha. Nasema kusafisha, kwa maana ya ubao. Picha ilitoka kwenye mashine taratibu, matimba kwanza, kisha wale wawili, na wino ulikuwa bado mbichi nilipomwambia asiishike. Aliishika. Aliiweka juu ya meza yangu, akaitazama, akainama mpaka paji lake likakaribia karatasi. Kisha akachukua ukucha wa kidole gumba na kukwaruza juu ya jicho la kushoto, mara moja tu, kwa mshazari, bila kupima, kama mtu anayepita njia ya nyumbani kwake.

Wino ukatoka, na karatasi nyeupe ikaonekana ikikatiza nyusi.

"Sasa ni yeye," alisema. Aliipuliza, akaikunjia khanga, akaniambia wabeja.